Kamyo Mpya Ikifa Njiani: Linda Mwili, Linda na Garanti

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Na Msaidizi wa Munganga wa Kampuni



Pengine mtajiuliza: mtu wa dispansari anatafuta nini katika mambo ya injini na garanti? Kazi yake si sindano na vidonge? Jibu ni fupi. Kamyo mpya inapokufa injini njiani, watu wa kwanza kuumia si wenye kampuni wala muuzaji. Ni shofere, msaidizi wake na fundi anayetumwa kuifuata. Hao ndio wanaoletwa dispansari na mikono iliyoungua kwa maji ya radiateri, vidole vilivyobanwa, na vifua vilivyoingiwa na mazuti. Na mara nyingi jambo lililomwumiza mtu ndilo lililopoteza garanti pia: mkono uliofungua kitu kisichopaswa kufunguliwa pale barabarani.

Kwa hiyo leo tuyatazame mambo hayo mawili pamoja. Tutaeleza garanti ni nini, kwa nini injini mpya hufa, shofere afanye nini saa ile ile, ajali gani zinamngoja, na kampuni ifuate njia gani mpaka kamyo irudi kazini.

GARANTI NI KITU GANI

Garanti, au dhamana, ni ahadi ya kiwanda na muuzaji. Wanasema: kwa muda fulani, au kwa kilomita fulani, kitakachotangulia kati ya hivyo viwili, kitu kikiharibika kwa sababu ya ubovu wa kiwanda tutakitengeneza au kukibadilisha bila malipo. Muda na kilomita hizo zimeandikwa katika kitabu cha garanti kinachokuja na kamyo. Kila kiwanda kina hesabu yake, kwa hiyo usisikilize ya watu: soma kitabu cha kamyo yako.

Ahadi hiyo ina mipaka. Haihusu vitu vinavyokwisha kwa kutumika, kama mipira, filtri, klachi na vitambaa vya breki. Haihusu pia uharibifu uliotokana na mtumiaji: mazuti yenye maji au uchafu, vumbi lililopita katika filtri ya hewa iliyotoboka, injini iliyoendeshwa bila mafuta ya kutosha, mzigo kupita kipimo, serevisi iliyorukwa, au mkono wa fundi asiyeruhusiwa na kiwanda.

Mbali na karatasi ya muuzaji iko pia sheria. Sheria ya zamani ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamfanya muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika ndani ya kitu alichouza, lakini inamtaka mnunuzi asikawie kudai. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo pia katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA. Sheria yake ya biashara, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, inahusu mauzo kati ya wafanyabiashara. Inasema kwamba kasoro inayoonekana siku ya kupokea mali itangazwe kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Kasoro iliyojificha itangazwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku ilipoonekana au ilipopaswa kuonekana. Anayenyamaza hupoteza haki yake.

Somo la kwanza basi ni hili: sema mapema, na sema kwa maandishi. Maneno ya simu peke yake hupotea na upepo.

BARABARA YETU INAVYOONGEZA TAABU

Anayenunua kamyo mjini ana garaji ya muuzaji mtaa wa pili. Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuna bahati hiyo. Kutoka kusini, mali inaweza kupanda reli ya Kabalo kwenda Kindu na kushushwa Samba. Kutoka mashariki, njia inapita Fizi na Lulimba mpaka Salamabila. Miezi ya mvua matope hushika magurudumu, na miezi ya kiangazi vumbi hujaa kila mahali. Fundi wa muuzaji anaweza kukaa siku nyingi kabla hajafika. Wakati huo kamyo inalala porini, na watu wake nao wanalala nayo.

Kukwama katika nchi hii si jambo jipya. Misafara ya wapagazi kutoka Ujiji ilipita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe, na aliyeugua mguu njiani alizuia safari yake yote. David Livingstone mwenyewe, mwaka 1870, alikwama Bambarre katika nchi ya Manyema kwa sababu ya vidonda vya miguu. Zamani safari ilisimama kwa ugonjwa wa mguu. Leo inasimama kwa ugonjwa wa injini. Lakini kanuni ya tiba ni ile ile: kidonda kinachochokonolewa njiani kwa mikono michafu ndicho kinachooza.

KWA NINI INJINI MPYA INAKUFA

Watu husema, "Kitu kipya hakifi." Si kweli. Injini mpya hufa kwa sababu za namna mbili. Namna ya kwanza ni ubovu wa kiwanda: kipande kilichoyeyushwa vibaya, boliti isiyokazwa, pampu ya mafuta au ya maji yenye kasoro, tirbo isiyo sawa. Kasoro za namna hii mara nyingi hujitokeza mapema, wakati kamyo bado iko ndani ya garanti, na ndiyo maana garanti ikawekwa. Namna ya pili hutoka kwetu, na hapa kwetu inaanzia kwenye mazuti.

Injini za kisasa za mazuti zinatumia presha kubwa sana. Mazuti yanasukumwa katika bomba moja linalolisha injekta zote kwa presha ya bar 1,600, 2,000 au zaidi. Mpira wa kamyo una bar 8 hivi. Linganisha mwenyewe. Nafasi iliyopo kati ya vyuma ndani ya injekta ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho hukwangua vyuma hivyo. Maji nayo huvitia kutu na kuondoa ulaini wa mazuti. Injekta ikiharibika inaweza kumwaga mazuti bila kipimo, na pistoni ikatoboka kwa moto.

Maji yanaingiaje? Pipa la mazuti likisimamishwa nje, jua hulipasha na hewa ya ndani hutanuka ikatoka. Usiku hewa ile hupoa na kupungua, na pipa huvuta pumzi. Kama maji ya mvua yametuama juu ya kifuniko, pipa huyavuta ndani, hata kama kifuniko kinaonekana kimefungwa. Kwa hiyo:

– Laza pipa, vifuniko vyake vyote viwili vikiwa katika mstari mmoja wa kulala, chini ya paa au turubai.
– Kabla ya kutumia, lisimamishe chini ya paa na uliache litulie usiku mzima, ili maji na uchafu vishuke.
– Vuta mazuti kwa pampu ya mkono ambayo mdomo wake haufiki chini kabisa.
– Pitisha mazuti katika filtri yenye kutenga maji. Kitambaa cha shati hakizuii maji wala vumbi laini.
– Kila asubuhi toa maji katika filtri ya kamyo yenye kutenga maji, kama kitabu kinavyoelekeza.

Baada ya mazuti, adui wa pili ni vumbi. Filtri ya hewa iliyopigwapigwa ukutani au kupulizwa kwa presha kubwa hutoboka, na kuanzia siku hiyo injini inakula mchanga. Adui wa tatu ni joto: matope na majani yakiziba uso wa radiateri, injini huiva kama chungu. Adui wa nne ni kulehemu. Ukilehemu chuma cha kamyo bila kukata batri na kufungua kompyuta ya injini kama kitabu kinavyosema, umeme wa kulehemu unaweza kuiua kompyuta hiyo.

SHOFERE AFANYE NINI SAA ILE ILE

Taa nyekundu ya mafuta au ya joto ikiwaka, injini ikipiga kelele ya chuma, moshi ukibadilika ghafula kuwa mweupe au mweusi mzito, au nguvu zikipotea, fuata mpango huu:

1. Simama mahali pazuri palipo karibu, pasipo mteremko, kisha zima injini. Usiseme, "Nifike kwanza kijiji kile." Kilomita hizo tano zinaweza kugeuza pampu ndogo iliyoharibika kuwa injini nzima ya kutupa, na muuzaji atakuambia uliendesha huku taa inawaka.

2. Injini ikifa ukiwa katika mteremko, usiiache kamyo itelemke. Injini ikisimama, kompresa ya hewa nayo inasimama, na hewa iliyobaki katika matanki inatosha kushika breki mara chache tu. Usukani nao unakuwa mzito. Simamisha kamyo kwa breki ya kwanza, usipige breki mara nyingi nyingi, kisha vuta breki ya mkono.

3. Ziba magurudumu kwa magogo au mawe makubwa. Weka pembe tatu za hatari mbele na nyuma, mbali vya kutosha, au matawi mabichi kama tulivyozoea. Mkiondoka, ondoeni mawe yale. Jiwe lililoachwa barabarani limeua wenye pikipiki wengi.

4. Shusha watu wote na uwapeleke pembeni, kivulini, mbali na barabara.

5. Usiwashe tena kwa kujaribu. Injini iliyokwama ikilazimishwa huvunja vipande ambavyo vilikuwa bado vizima.

6. Usifungue kitu. Tazama kwa macho tu: mafuta yanavuja wapi, kamba imekatika au la, maji katika chupa ya pembeni yako kiasi gani.

7. Andika na upige picha, kama tutakavyoeleza hapa chini.

8. Toa habari kwa mkubwa wa garaji ya kampuni. Yeye ndiye atakayeongea na muuzaji.

AJALI ZINAZOMNGOJA ANAYEFUNGUA

Maji ya radiateri. Yakiwa ndani ya presha maji haya yanaweza kupita joto la digri 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko presha inaondoka, na maji yanayochemka pamoja na mvuke hukurukia usoni, kifuani na mikononi. Usifungue injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Tena usimwage maji baridi juu ya injini iliyopata joto kali wala ndani yake: kichwa cha injini hupasuka, na ufa huo hautalipwa na garanti. Mtu akiungua, mpoze kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete na saa kabla hajavimba. Mfunike kwa kitambaa safi. Usipake mawese, dawa ya meno, asali wala majivu. Malengelenge usiyapasue. Kuungua usoni, mikononi au sehemu kubwa ya mwili ni safari ya hospitali.

Mazuti yenye presha. Hii ni ajali ambayo wengi hawaijui. Bomba likiwa na tundu dogo, mazuti hutoka kama sindano isiyoonekana, na ukipitisha mkono kutafuta mahali panapovuja, hupenya ngozi na kuingia ndani. Kidonda ni kidogo kama cha mwiba, tena mwanzoni kinaweza kuuma kidogo tu. Baada ya saa chache mkono unavimba na nyama zinaanza kufa. Mtu wa namna hii anahitaji kupasuliwa na daktari siku ile ile, la sivyo anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Usimpe dawa ya maumivu na kumwambia akalale. Andika saa aliyoumia na mafuta yaliyomwingia, tuliza mkono, mpeleke. Anayetafuta mvujo atumie kipande cha kartoni, si kiganja chake.

Kunyonya mazuti kwa mdomo. Wengi huvuta mazuti kwa mpira ili kupunguza tanki. Tone moja likipotea njia likaingia katika pafu linatosha kuleta ugonjwa wa kifua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana katika kutapika ndipo mazuti yanapoingia mapafuni. Asipewe maziwa wala mawese. Akikohoa, akihema kwa shida au akipata homa, apelekwe haraka. Pampu ya mkono ni ya bei ndogo kuliko kifua cha mtu.

Kriki. Kriki ni ya kuinua tu, haikutengenezwa kushika mzigo. Asiingie mtu chini ya kamyo kabla ya kuweka magogo mazito au vigingi vya chuma. Na walinzi wanaolala chini ya kamyo kwa kutafuta kivuli, tunawakataza kabisa. Ardhi yetu ya mvua inazama usiku bila kutoa sauti. Tandikeni pembeni, chini ya chandarua. Siku tatu za kulinda kamyo bila chandarua zinatosha kuleta malaria kwa kundi zima.

Kuvuta kamyo. Mnyororo ukikatika huruka kama upanga. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa mnyororo wenyewe. Tena soma kitabu kwanza: kamyo nyingi hazivutwi kabla ya kufungua shafti, la sivyo giyaboksi huzunguka bila mafuta, na sasa umekuwa na maharibiko mawili.

Moshi na mafuta machafu. Injini ikijaribiwa ndani ya garaji, milango yote iwe wazi. Ndani ya moshi kuna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu: kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaanguka. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za mazuti katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika nayo ni hatari kwa ngozi. Usinawe mikono kwa mazuti, na usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali siku nzima.

KAMYO MBILI, MWISHO TOFAUTI

Nitaeleza mambo mawili yaliyotokea katika kampuni moja ya njia zetu. Majina ya watu na ya muuzaji hayana kazi hapa.

Kamyo ya kwanza ilikufa injini kabla haijamaliza mwaka, kati ya Kasongo na Kabambare. Shofere alikuwa mtu wa bidii, na bidii yake ndiyo iliyomponza. Aliita fundi wa kijiji, wakafungua kichwa cha injini, wakatia vipande katika mfuko wa unga. Msaidizi aliungua mkono na shingo. Fundi wa muuzaji alipofika siku ya tisa alikuta injini imefunguliwa, mvua imeingia, filtri zimetupwa. Aliandika sentensi moja: injini imeguswa na watu wasioruhusiwa. Garanti ikaishia hapo. Inawezekana kosa lilikuwa la kiwanda, lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kupotea.

Kamyo ile ndiyo iliyokuwa ikipeleka pia wagonjwa wazito hospitalini Kasongo. Wiki chache baadaye mama mmoja, mke wa mfanyakazi, alishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto akakwama. Alibebwa kwa kipoyi, kisha kwa pikipiki. Mama alipona, mtoto hakupona. Miaka ya 1970 na 1980 Kasongo ilijulikana mbali kwa mradi wake wa afya uliosaidiwa na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, uliounganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali kuu. Wazee waliofanya kazi humo wanajua vizuri: hospitali humsaidia yule tu anayeifikia. Kamyo iliyolala garajini miezi sita si hasara ya mahesabu peke yake.

Kamyo ya pili ilisimama kwa kelele ya chuma. Shofere aliizima, hakufungua kitu, akaandika saa, kilomita na taa zilizowaka. Mkubwa wa garaji alituma mtu kuchukua mazuti katika chupa. Muuzaji alisema mara moja, "Mmetumia mazuti machafu." Kampuni ikaonyesha chupa zilizofungwa kwa lakiri, daftari la serevisi, na fakture za filtri. Injini ilifunguliwa mbele ya watu wa pande zote mbili, na kosa likaonekana katika pampu ya mafuta. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, lakini injini mpya ilitolewa bila malipo. Hakuna mtu aliyeumia. Na shofere hakukatwa mshahara wala hakuitwa mwizi wa mazuti, maana daftari lake lilimsemea.

NJIA YA KUDAI GARANTI

1. Siku ya kupokea kamyo. Soma kitabu cha garanti chote. Hakikisha tarehe ya kuanza garanti, namba ya shasi na namba ya injini vimeandikwa sawasawa. Kama kuna kasoro inayoonekana, iandike kabla ya kusaini.

2. Daftari la kila siku. Kilomita, mazuti yaliyowekwa na yalikotoka, mafuta ya injini, maji, filtri zilizobadilishwa. Tunza fakture. Kama serevisi inafanyika mbali na muuzaji, omba ruhusa yake kwa maandishi mapema, na utumie filtri na mafuta aliyoyataja.

3. Picha. Dashibodi na taa zake, kilomita, mahali panapovuja, kamyo nzima, barabara. Picha zipigwe kabla ya kitu chochote kuguswa.

4. Chupa za mazuti. Atakayetumwa na garaji achukue chupa safi mbili au tatu kutoka tanki, mbele ya shahidi. Andika tarehe, mahali na majina, funga kwa lakiri. Moja kwa muuzaji, moja ibaki kwenu. Fanya vivyo hivyo kwa pipa la depo. Filtri za zamani msizitupe.

5. Barua. Ndani ya siku chache, kampuni imwandikie muuzaji: namba ya kamyo, tarehe, kilomita, dalili zilizoonekana, na ombi la kuja kukagua. Msiandike sababu msiyoijua. Anayeandika "injini imekosa mafuta" kwa kubahatisha amejihukumu mwenyewe. Tunzeni kopi yenye saini ya kupokelewa.

6. Kompyuta ya injini. Inakumbuka joto, presha na makosa. Asije mtu wa njiani na kifaa chake akafuta kumbukumbu hiyo. Isomwe na fundi wa muuzaji mbele yenu, na karatasi yake mpewe kopi.

7. Kufungua injini. Kufanyike mbele ya mtu wa kampuni, na iandikwe proseverbali yenye saini za wote. Muuzaji akikataa kulipa, aeleze sababu kwa maandishi na aonyeshe kipande chenyewe. Msiporidhika, ombeni mtaalamu asiye wa upande wowote. Kwa kupima mazuti, Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo (OCC), iliyoanzishwa mwaka 1974, ni mahali pa kuuliza.

8. Baada ya matengenezo. Omba karatasi inayotaja vipande vilivyobadilishwa na garanti yake. Uliza kwa maandishi kama siku ambazo kamyo ililala garajini zinaongezwa katika muda wa garanti. Safari ya kwanza iwe fupi, mzigo uwe mdogo, na mgonjwa asipandishwe mpaka injini imejaribiwa.

NENO KWA WAKUBWA NA WAFANYAKAZI

Shofere hawezi kutii kanuni hizi kama hana vifaa. Kila kamyo iwe na kitabu cha garanti katika kisanduku, pembe tatu za hatari, magogo ya magurudumu, chandarua, maji ya kunywa, chakula cha siku mbili, sanduku la dawa na chupa safi zenye vifuniko. Tena mkubwa asimlaumu shofere aliyesimama njiani kwa sababu ya taa nyekundu. Akilaumiwa leo kwa kusimama, kesho hatasimama. Ajali ikitokea, hata ndogo, iletwe dispansari na iandikwe siku ile ile, maana kidonda kisichoandikwa ni vigumu baadaye kukithibitisha kuwa ni cha kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka pawe na komite ya usalama na usafi wa kazi. Jambo hili lipelekwe huko, lizungumzwe na mashofere wenyewe wakiwapo.

Wandugu, haraka haraka haina baraka. Kamyo ikifa, zima, ziba magurudumu, andika, ngoja. Injini ya kiwanda inaweza kubadilishwa na kiwanda. Mkono wako hauna garanti, na hakuna muuzaji atakayekuletea mwingine.